Mzani Umegoma, Dawa Bado Inafanya Kazi

Jua halijachomoza, wanawake wa mtaa wa Kongo kule Kawangware tayari wameshika njia ya Lavington kwenda kufua na kupiga pasi nguo za watu. Wanaume wa Kibera nao wanafuata reli kwa miguu kuelekea Industrial Area. Ukimwambia mmoja wao kwamba uzito wake umekataa kushuka kwa sababu hatembei vya kutosha, utakuwa umemwonea. Hata hivyo, hilo ndilo jibu wanalopewa wengi. Wanalipata hata wale walioandikiwa na daktari dawa ya kupunguza hamu ya chakula, wakapungua vizuri miezi ya kwanza, kisha mzani ukagoma.

Wanaodhani unene ni shida ya matajiri hawajatazama takwimu. Watafiti waliowapima wakazi wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda hapa Nairobi, mwaka 2008 na 2009 walikuta zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wamezidi uzito unaofaa. Kwa wanaume hawakufika wawili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake Wakenya wa miaka 20 hadi 49 wako katika hali hiyo. Kisukari na presha huja nyuma yake. Kwa hiyo dawa hizi si urembo, na zinapoonekana kuishiwa nguvu, mgonjwa anastahili maelezo ya kweli.

Maelezo yenyewe yanaanzia kwenye njaa. Mwaka 2016 Kevin Hall wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani na wenzake walikadiria kwamba kwa kila kilo moja anayopoteza mtu, mwili hupunguza matumizi yake ya nishati kwa kalori 20 hadi 30 hivi kwa siku. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kwa kilo hiyo hiyo moja, hamu ya kula hupanda kwa kalori 100 hivi kwa siku. Aliyepungua kilo kumi anasukumwa na mwili wake ale takriban kalori 1,000 zaidi kila siku, karibu nusu ya mlo mzima wa mwanamke. Msukumo huo hauji kwa tamaa. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo Jeffrey Friedman na wenzake waliigundua mwaka 1994; mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo husoma hali hiyo kama njaa iliyoingia nyumbani.

Dawa huvuta upande wa pili, kwa nguvu ile ile wiki hata wiki. Ukivuta mpira wa manati, hufika mahali mkono na mpira vikalingana nguvu, ukasimama hapo. Mkono haujachoka. Uachilie ndipo utakapojua ulikuwa unafanya kazi gani. Waliojaribu semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki, katika utafiti uliochapishwa 2021, walipoteza kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao ndani ya wiki 68, na kufikia karibu wiki ya 60 kushuka kulikuwa kumekwisha. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha theluthi mbili za walichokipoteza. Anayetupa dawa kwa kuwa mzani umesimama hujitafutia matokeo hayo hayo kwa pesa zake mwenyewe, na si pesa kidogo: kalamu moja ya sindano hii Nairobi inaweza kumeza kodi ya chumba cha Kongo ya miezi kadhaa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: umekwama lini? Ukikwama baada ya mwaka mmoja au zaidi, huenda umefika kwenye mizani ya mwili wako mpya. Ukikwama mwezi wa pili, tazama dozi. Semaglutidi huanza kwa miligramu 0.25, kiasi cha kuuzoesha mwili ili usitapike, na kwa ratiba ya kutibu unene huchukua wiki 16 kupanda hadi miligramu 2.4. Wengi huhukumu dawa kabla haijafika. Na ikiwa mzani umesimama wiki moja tu, subiri. Chumvi, hedhi au mzani tofauti wa kemisti nyingine vinaweza kuficha kilo nzima. Pima kiuno kwa utepe mara moja kwa mwezi. Tumbo husema kweli mapema.

Na kutembea? Hapa jibu linatoka jirani, kando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, wanakoishi Wahadza, watu wanaowinda na kuchimba mizizi. Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha maji yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, njia sahihi kuliko zote ya kupima nishati anayotumia mtu katika maisha yake ya kawaida. Wanaume walitembea karibu kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu sita. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yaliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza hawakutumia nishati zaidi ya wakazi wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingineko. Kutembea hulinda moyo, hushusha sukari na kuhifadhi misuli, na kwa hayo mtu asiache. Lakini kumwambia mama fua aongeze kilomita ili mzani ushuke ni kumpa mzigo usio na malipo.

Mahali ambapo ningependa madaktari wetu wakawie zaidi ni kwenye dawa nyingine anazokunywa mgonjwa. Kenya ilianza kutumia dolutegraviri katika matibabu ya virusi vya UKIMWI mwaka 2017, na ni dawa nzuri mno. Utafiti mkubwa wa Johannesburg uliotolewa 2019 ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo huongezeka uzito, wanawake kuliko wanaume. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari cha bei nafuu, huongeza uzito. Insulini vilevile, na hata sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake. Mtu anaweza kuwa anavutwa chini na dawa moja na kupandishwa na mbili. Asiache hata moja kwa uamuzi wake, hasa ya virusi. Lakini azibebe zote kwenye mfuko, azimwage mezani kwa daktari na kuuliza kama mojawapo inaweza kubadilishwa.

Kisha kuna sahani na kikombe. Dawa hupunguza njaa, ila chai haipiti kwenye njaa. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni karibu kalori 200 kabla ya kuhesabu maziwa. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, na sukuma wiki ya kibandani huelea ndani yake. Anayekula kidogo asijaze nafasi hiyo ndogo kwa mandazi na chips. Ndengu, maharagwe, omena na mayai hushibisha na hulinda misuli, ambayo nayo hupotea mtu anapopungua.

Dawa yenyewe pia ichunguzwe. Kalamu ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Stima ikipotea siku mbili, au kalamu ikikaa chini ya paa la mabati mchana wa Februari, usiitumie kabla ya kumuuliza mfamasia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutidi bandia iliyonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Nunua kwenye kemisti iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, si kwa mtu wa WhatsApp.

Wapo ambao baada ya haya yote mzani haujasogea. Katika utafiti ule wa 2021, kati ya kila watu 100 waliopewa semaglutidi, karibu 14 hawakufikisha hata asilimia tano ya kupungua, ingawa walidungwa dawa halisi na kupata ushauri wa lishe na mazoezi kama wenzao. Mtu wa kundi hilo si mvivu wala hadanganyi kuhusu anachokula. Mwili wake hauitikii dawa hiyo, na baada ya miezi mitatu au minne kwenye dozi kamili ana haki ya kurudi kwa daktari na kuomba ajaribiwe nyingine.