Mzee Anapoweweseka Baada ya Upasuaji

Mzee wa Kongwa au Mpwapwa aliyevunjika nyonga huletwa mjini Dodoma kupasuliwa. Upasuaji hufaulu, naye huamka na kuwasalimu jamaa zake. Usiku wa pili mambo hubadilika: hawatambui wanawe, huwaita ng'ombe wasiokuwapo wodini, hung'oa mpira wa dripu. Asubuhi hutulia, jioni hali hurudi. Jamaa hunong'onezana jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyojengwa Dodoma katika miaka ya 1920, ambayo kwa watu wengi imekuwa neno jingine la wazimu.

Huo si wazimu. Waganga huita hali hiyo deliriamu, yaani kuvurugika kwa ghafla kwa fahamu na umakini. Ubongo wa uzeeni una akiba ndogo. Maumivu, upungufu wa maji mwilini, maambukizo ya mapafu au kidonda, kibofu kilichojaa, kukosa usingizi, au dawa kama diazepamu, huweza kuuyumbisha. Deliriamu basi ni king'ora cha mwili: hapana budi kutafuta chanzo, wala si kumfunga mgonjwa kitandani.

Tena wako wasiopiga kelele. Hawa hulala kimya, husinzia na kukataa chakula. Husifiwa kwa utulivu, kumbe ugonjwa unaendelea bila kutambuliwa. Ndiyo sababu yafaa kila mzee aliyepasuliwa achunguzwe kila siku, si yule msumbufu peke yake.

Mwaka 1990 Dakta Sharon Inouye na wenzake wa Marekani walichapisha kipimo chenye ishara nne: badiliko la ghafla linalopanda na kushuka, kukosa umakini, mawazo yasiyofuatana, na fahamu isiyo ya kawaida. Zikionekana mbili za kwanza pamoja na mojawapo ya mbili za mwisho, deliriamu hushukiwa.

Ugumu upo katika kupima umakini. Kipimo cha 4AT, kilichotungwa Scotland, humtaka mgonjwa ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Kwa mzee aliyehesabu miaka kwa mvua na njaa, asiyepata kukaa darasani, swali hilo laweza kupima shule badala ya ubongo. Ipo njia nyingine, iliyomo katika kipimo cha wodi za wagonjwa mahututi kilichochapishwa mwaka 2001: muuguzi hutamka herufi kumi moja moja, na mgonjwa humbinya mkono kila asikiapo "a". Hapahitajiki kusoma wala kuandika. Makosa yakizidi mawili, umakini umepungua.

Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, walifuata fikra kama hiyo walipotunga IDEA, kipimo cha kudhoofika kwa akili uzeeni. Mzee huulizwa jina la kiongozi wa kijiji chake, na hupanga vijiti vya kiberiti.

Hata hivyo, ishara ya kwanza haipimwi kwa herufi wala vijiti. Muuguzi aliyemwona mzee jana tu hawezi kujua alikuwaje wiki iliyopita. Jamaa ndiye ajuaye. Mara nyingi jamaa huyo ni mjukuu wa sekondari anayemfasiria bibi yake Kigogo kwa Kiswahili. Akisema, "Bibi hakuwa hivi juzi," ametoa ushahidi ambao hakuna chombo wodini kiwezacho kuutoa. Naye akimpa maji kama alivyoelekezwa, akamvisha miwani yake, na kumkumbusha alipo na siku ya leo, amekwisha kuanza kumtibu.