Mifupa ya Mtwapa, hati ya Kilwa na mabishano ya Barking

BARKING, LONDON

Wasomaji wetu waliokaa mashariki ya London kabla ya mwaka 2006 wanalikumbuka tawi la chuo kikuu lililokuwa barabara ya Longbridge, hapa Barking. Lilikuwa la University of East London, au UEL kama tulivyozoea kukiita chuo hicho. Mwaka huo tawi likafungwa, masomo yakahamishiwa Docklands na Stratford, na kwenye kiwanja kile zikawekwa nyumba za kuishi. Watu wetu hawakulalamika sana. Nyumba zilitakiwa, na chuo, ikasemwa barazani, watoto watakifuata huko huko kilikokwenda, ilimradi wakasome kitu cha maana.

Hicho "kitu cha maana" ndicho tunachotaka kukizungumza leo. Kwa wazazi wengi wa Kiswahili waliopo Uingereza orodha yake ni fupi: udaktari, ufamasia, uhandisi, uhasibu na sheria. Mtoto akisema anataka historia, isimu au akiolojia, mama huuliza utakula nini, baba hunyamaza, na mjomba aliyeko Muscat hupigiwa simu aje azungumze naye. Hatuwalaumu. Mtu aliyesafisha maofisi usiku kwa miaka 15 ana haki ya kuuliza mwanawe atakula nini. Na si wao peke yao wenye fikra hizo. Mwaka 2024 University of Kent ilitangaza kuyaacha baadhi ya masomo yake, yakiwemo anthropolojia, falsafa na historia ya sanaa. Uandishi wa habari nao ulikuwemo, na sisi wa kazi hii khabari ile tuliisoma mara mbili.

Lakini hebu tuwatazame wazazi hao hao wakikutana harusini au msibani. Wanabishana juu ya nini? Si juu ya uhasibu. Baada ya mpira na siasa za nyumbani, mabishano hurudi pale pale: Mswahili ni nani, katoka wapi, na Mshirazi ni mtu wa kweli au ni jina tu.

Kwetu suala hili halina mzaha. Chama cha Afro-Shirazi kilichoanzishwa mwaka 1957 kilibeba majina mawili ya asili katika jina lake, na baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 watu waliuliwa kwa kuhesabiwa asili zao. Wengine waliokoka kwa sababu jirani aliwasemea kuwa si wale. Kwa hivyo mtafiti anapokuja na jibu jipya juu ya asili yetu, anatia mkono wake ndani ya jeraha, ajue asijue.

Jibu kama hilo lilikuja mwezi Machi 2023 katika jarida la Nature. Kundi kubwa la watafiti, wakiwemo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, na David Reich wa Harvard, walipima vinasaba vya mifupa ya watu 80. Watu hao walizikwa baina ya miaka ya 1250 na 1800 katika miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na mahali pamoja pa bara.

Kilichoonekana ni hiki. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo ilipitia zaidi kwa wanawake. Sehemu nyengine kubwa, na mara chache hata zaidi ya nusu, ilitoka Asia. Hii ilipitia kwa wanaume, wengi wakiwa wa Uajemi, na kiasi kidogo ilikuwa ya Bara Hindi. Mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Asili ya Kiarabu inazidi baada ya mwaka 1500.

Haikuchukua siku nyingi kila upande ukakata kipande chake. Waliokuwa wakisema "sisi Washirazi" wakasema si tuliwaambieni. Waliokuwa wakisema Ushirazi ni uongo wa watu walioukimbia Uafrika wao, wakaonesha mama. Maabara ilikuwa imewapa wote wawili silaha, na kama ingeachiwa peke yake mambo yangekwisha hapo.

Tunasema kama ingeachiwa peke yake kwa sababu kinasaba hakisemi lugha. Mfupa wa Faza hauwezi kukwambia mwenyewe alimwita mtoto wake kwa lugha gani. Hilo walilishughulikia watu wa isimu muda mrefu kabla. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walilinganisha sauti na sarufi za lugha za pwani, wakaonesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja na Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija, wote watoto wa lugha moja ya Kibantu waliyoiita Kisabaki. Maneno ya Kiarabu yalikuja juu ya mwili uliokwisha simama. Sasa weka hilo pamoja na mama wa Kiafrika na baba wa Kiajemi wa ile mifupa, utaona jambo ambalo hakuna taaluma moja ingeliona peke yake: wageni wale walioa, wakakaa, na watoto wao wakachukua lugha ya mama. Aliyekuja na jahazi ndiye aliyejifunza kusema.

Halafu ipo Shanga, katika kisiwa cha Pate. Mark Horton alichimba pale katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti mengine midogo zaidi, mmoja chini ya mwengine, mpaka akafika kwenye ya miti ya karne ya 8. Ukiifuata hesabu hiyo, walikuwapo watu wakisali Shanga kiasi cha miaka mia mbili kabla ya ule mwaka 1000 wa vinasaba. Mji haukungoja damu ngeni ndipo uwe mji. Yapo na makaburi yenyewe ya kuangaliwa: wengi waliopimwa ni watu waliozikwa karibu na misikiti, yaani wakubwa wa mji. Mvuvi na mtumwa hawakuzikwa pale, na vinasaba vyao hatunavyo. Anayesema kipimo kile kimeeleza Waswahili wote amewasahau waliojenga nyumba za udongo, ambao kwa vyovyote ndio waliokuwa wengi.

Ikabaki khabari ya Kilwa. Tarikhi ya mji ule, inayosimulia mwana wa mfalme aliyetoka Shirazi na majahazi, iliingizwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Nakala yake ya Kiarabu ilifika mikononi mwa John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19, na leo iko British Library. Wanahistoria wengi walikuwa wakiisoma kwa kutabasamu. Baada ya 2023 wameacha kutabasamu, ingawa hakuna anayesema kila jina lililomo ni la kweli.

Kwa anayekaa Barking hayo yote hayako mbali. Ile treni yenye rangi ya waridi kwenye ramani, ya Hammersmith & City, inaanzia hapa hapa petu. Ukishuka King's Cross unakwenda kwa miguu mpaka British Library, na ukiendelea kituo kimoja mpaka Euston Square unakwenda kwa miguu mpaka SOAS, ambako zimewekwa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua. Kuzisoma kunataka mtu anayeijua ile khati na anayekijua Kimvita na Kiamu cha wazee. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa mtu wa namna hiyo, na chuo kile kilimtegemea kwa miaka mingi. Watu kama yeye wanapungua, na hatujasikia mjomba wa Muscat akimpigia mtu simu kumshauri ashike nafasi hiyo.

Wanaopenda sayansi tupu pia wana la kujifunza. Pale Kilifi, ambako KEMRI na shirika la Wellcome wanafanya utafiti tangu mwaka 1989, chanjo ya malaria ya R21 ilikuwa miongoni mwa zilizojaribiwa, kama ilivyojaribiwa Bagamoyo, kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipitisha Oktoba 2023. Lakini sindano haiendi peke yake. Watafiti wa jamii wa Kilifi waliwahoji wazazi wakagundua kwamba wengi hawakutofautisha baina ya kutibiwa na kufanyiwa utafiti, na damu inayotolewa iliwatia wasiwasi. Aliyekulia pwani haulizi kwa nini. Sote tulitishwa na mumiani, na mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima, mwaka 2000, juu ya uvumi wa wanyonya damu Afrika ya Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni. Daktari asiyeijua historia hiyo atadhani watu ni wajinga.

Na Erasto Mpemba, tumtaje kwa sababu Watanzania wanapenda kumtaja. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, akachekwa darasani, akaandika makala pamoja na Denis Osborne mwaka 1969. Hadi leo wanafizikia hawajakubaliana; Henry Burridge wa Imperial College hapa London na mwenzake wa Cambridge, Paul Linden, walipima tena na mwaka 2016 wakasema hawakuona ushahidi. Kichekesho hicho cha askirimu kimewapa kazi maprofesa zaidi ya nusu karne.

Turudi UEL. Walipohama hapa hawakufa. Huko Docklands chuo kinahifadhi makumbusho ya karatasi za Refugee Council, maboksi kwa maboksi ya vijitabu, ripoti na barua za wakimbizi, na mtafiti yeyote anaweza kuomba kuziona. Januari 2001 zaidi ya Wazanzibari 2,000 walivuka kwenda Shimoni, Kenya, na baadhi yao baadaye walifika mpaka Ulaya. Karatasi zao, za UNHCR, za mawakili, picha za mahema, tunajua zilipo: chini ya vitanda, ndani ya mabegi yale yale ya safari. Wenyewe wanazeeka, na watoto wanapohama nyumba hutupa mabegi.