Lenzi "Fupi" na Lenzi "Isiyobadilika": Tahadhari kwa Wafasiri

Istilahi za upigaji picha zimo katika hati za zabuni, vitabu vya maelekezo na masomo ya shuleni. Katika makala haya tunakusudia kueleza aina moja ya lenzi ambayo, ikipewa jina lisilo sahihi, huweza kumfanya mnunuzi aletewe kifaa asichokihitaji. Hiyo ni lenzi ndogo ya urefu mmoja wa fokasi, ifungwayo kwenye kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi.

Urefu wa fokasi ni umbali, kwa milimita, kutoka kitovu cha lenzi hadi nukta zinapokutana nuru sambamba zilizopita ndani yake. Lenzi ya zumu huweza kubadili urefu huo. Lenzi tunayoizungumzia haiwezi. Mpiga picha akitaka sura ya mtu ijaze picha, hana budi kumsogelea.

Maneno yanayomjia mfasiri kwa haraka yana hatari. "Lenzi isiyobanduka" inadokeza kwamba lenzi haitoki, hali kamera hizi zimeundwa ili lenzi zibadilishwe. "Lenzi ya fokasi isiyobadilika" nayo yaweza kueleweka kuwa ni ile ya kamera sahili, isiyoweza kurekebishwa ili kitu cha karibu au cha mbali kionekane wazi. Kwa hiyo neno "urefu" lisiachwe.

"Lenzi fupi" vilevile ina maana mbili: ufupi wa umbo na ufupi wa fokasi. Mfano ni lenzi mbili za Canon: EF 40mm f/2.8 STM ya mwaka 1912 + 100, yaani 2012, na EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014. Umbo la kila moja lina urefu wa milimita 23 hivi, lakini fokasi zao hazilingani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza uchaguzi. Katika kamera za Canon zenye kihisi kidogo cha takriban milimita 22 kwa 15, lenzi ya milimita 24 huona eneo sawa na lionwalo na lenzi ya milimita 38 kwenye kihisi cha 36 kwa 24. Ile ya 40 huwa kama ya 64. Ya kwanza yafaa darasani au mkutanoni. Ya pili yafaa zaidi kwa sura za watu. Tena, lenzi ya EF-S haifungiki kwenye kamera za kampuni hiyo zenye kihisi kikubwa.

Tunapendekeza, basi, "lenzi ndogo ya urefu mmoja wa fokasi", na kila agizo litaje milimita za fokasi pamoja na aina ya kamera. Istilahi hiyo ni ndefu kidogo, lakini haimpotoshi anayeisoma wala anayelipa.