Utambuzi wa Manyoya na Usalama wa Safari za Anga

Utambuzi wa manyoya ni tawi la sayansi ya uchunguzi linalotaja spishi ya ndege kutokana na mabaki ya manyoya yaliyosalia baada ya mwili wenyewe kuharibika kiasi cha kutotambulika kwa macho. Elimu hii hutumika mahakamani katika kesi za ujangili, na hata katika mauaji, lakini kazi yake kubwa zaidi imo katika usafiri wa anga. Kwa kuwa Kiswahili kina neno moja kwa kiumbe arukaye na kwa chombo kirukacho, katika makala hii neno ndege litabaki kwa kiumbe peke yake, na chombo kitaitwa eropleni.

Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo ukiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne, na ndiyo sababu ndege wa kilo chache anaweza kupinda mapanga ya injini au kupasua kioo cha rubani. Baada ya kishindo hicho, kinachokutwa aghalabu ni doa la damu, kipande cha ngozi na manyoya mepesi yaliyogandamana kwa mafuta ya injini. Kuuliza ni ndege gani aliyegongwa huonekana kama udadisi usio na faida, ilhali hapo ndipo kinga inapoanzia, kwa sababu kila spishi ina uzito wake, chakula chake, saa zake za kuruka na majira yake ya kuhama, na hakuna mkuu wa kiwanja anayeweza kumzuia ndege asiyemjua.

Umuhimu huo ulidhihirika nchini Marekani tarehe 4 Oktoba 1960, eropleni ya abiria aina ya Lockheed Electra ilipoingia katikati ya kundi la ndege sekunde chache baada ya kupaa kutoka Boston, ikapoteza nguvu za injini na kuanguka majini. Kati ya watu 72 waliokuwamo, 62 walifariki. Mabaki yaliyotolewa kwenye injini yalipelekwa katika taasisi ya Smithsonian mjini Washington, ambako Roxie Laybourne, mtaalamu wa ndege aliyeishi kuanzia 1910 hadi 2003, aliyatambua kuwa ya kwezi wa Ulaya, ndege mdogo asiyefika hata gramu mia moja. Wingi wa kundi ndio ulioziba injini, wala si ukubwa wa ndege mmoja mmoja, na ufahamu huo ulichangia kuwekwa kwa masharti ya kuzijaribu injini kwa kuzirushia ndege kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria. Laybourne aliendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa, akawafunza waliomfuata, na anastahili kuhesabiwa kuwa mwasisi wa taaluma nzima.

Unyoya mchafu huoshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha hukaushwa kwa kupulizwa hewa hadi nyuzi zake zilizoshikamana ziachane na umbo lake la asili lirudi. Asiyezoea hudhani kuwa sehemu yenye maana ni ile ya juu yenye rangi na mistari, na kweli hiyo husaidia pale inapopatikana nzima, lakini siri kubwa imo katika sehemu ya chini, karibu na shina, ambako nyuzi ni laini kama pamba. Chini ya hadubini, kila uzi wa sehemu hiyo huonekana umezaa vinyuzi vyembamba mno, na juu ya vinyuzi hivyo kuna vifundo mithili ya vifundo vya mwanzi, ambavyo umbo lake hutofautiana kati ya ukoo na ukoo. Vya bata na bukini hutanuka kama pembetatu kuelekea ncha ya kinyuzi. Vya njiwa hufanana na ua lililoanza kuchanua. Na katika jamii ya kuku na kanga huwamo vifundo vilivyo kama pete zilizovishwa kinyuzini. Hadubini humfikisha mchunguzi kwenye ukoo, na kutoka hapo huenda kwenye makabati ya makumbusho, kulinganisha kipande alicho nacho na ngozi za ndege zilizokaushwa, kama zile za Smithsonian, yenye vielelezo vya ndege zaidi ya 600,000 kwa jumla, baadhi ya ngozi hizo zikiwa na umri wa zaidi ya karne moja.

Siku hizi uchunguzi wa vinasaba, yaani DNA, umeongeza wepesi, kwani doa dogo la damu linaweza kutoa jina la spishi, lakini haujauondoa unyoya mezani. Iliwahi kutokea Marekani kwamba sampuli iliyofutwa kwenye eropleni iliyogonga kitu ikiwa angani ilitoa vinasaba vya kulungu, jambo lisilowezekana, mpaka kipande cha unyoya kilichokuwa katika sampuli ileile kilipoonyesha kuwa aliyegongwa ni tumbusi mweusi, aliyekuwa amekula mzoga wa kulungu.

Manyoya yametoa pia habari ambazo hakuna aliyezitazamia. Mnamo Novemba 1973, eropleni ya abiria iligongana na ndege juu ya Abidjan, nchini Côte d'Ivoire, ikiwa kwenye kimo cha futi 37,000, yaani zaidi ya kilomita 11, ikaharibika injini moja lakini ikatua salama. Manyoya machache yaliyosalia yalitambuliwa na Laybourne kuwa ya tumbusi wa Rüppell, ambaye huzaliana pia katika majabali ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na ambaye tangu siku hiyo anajulikana kuwa ndege aliyethibitishwa kuruka juu kuliko wote.

Tarehe 15 Januari 2009, Airbus A320 iliyopaa kutoka uwanja wa LaGuardia, New York, ilipoteza nguvu za injini zote mbili ikatua juu ya Mto Hudson, na watu wote 155 wakaokoka. Manyoya na vinasaba vilionyesha bata bukini wa Kanada, lakini jina hilo halikutosha, kwa sababu jijini New York wapo bukini wa spishi hiyo wakaao mwaka mzima, na wapo wapitao tu. Hapo ilipimwa haidrojeni iliyomo katika manyoya, kwani uwiano wa isotopu zake hubeba alama ya mvua ya mahali unyoya ulipoota, na matokeo yakaonyesha wageni waliotoka mbali kaskazini. Kuwaondoa bukini wenyeji kusingeizuia ajali hiyo. Waliohitaji kuangaliwa ni wahamaji na majira yao.

Afrika Mashariki na jirani zake hawako mbali na hatari hii. Mwaka 1988, Boeing 737 iliyopaa kutoka Bahir Dar, Ethiopia, ilivuta njiwa ndani ya injini zote mbili, na watu 35 wakafa ilipojaribu kutua. Njiwa hufuata nafaka, mwewe hufuata taka na kumbikumbi watokao baada ya mvua, korongo marabu na tumbusi hufuata majalala na mizoga. Hivyo dawa ya kiwanja kimoja huenda ikawa kufunga jalala lililo jirani, na ya kingine kuziba madimbwi au kuacha nyasi zirefuke, na anayetumia fataki kwa wote hupoteza fedha, maana ndege huzizoea.

Ombi kwa mafundi na wahudumu wa viwanja ni kwamba mabaki yasioshwe kwa bomba la maji kabla hayajachukuliwa. Unyoya ung'olewe tangu shinani wala usikatwe kwa mkasi, kwa kuwa pamba iliyo chini ndiyo inayosomwa. Doa la damu lifutwe kwa karatasi safi bila dawa ya klorini, ambayo huharibu vinasaba. Usitumike utepe wa gundi. Na bahasha iandikwe tarehe, mahali na aina ya eropleni.