Wali wetu wa Muaither na siku 30 za shambani

Hapa Muaither, kandokando ya jiji la Doha, sisi wa Afrika Mashariki hatuishi kubishana kuhusu mchele. Huyu husema hakuna kama wa Kyela, yule hutetea pishori ya Mwea, huku sufuriani imo basmati ya India au Pakistan. Tunachosahau ni kwamba ubora wa mchele hauanzii jikoni. Huanzia shambani, katika siku kama 30 baada ya mpunga kuchanua.

Punje changa ukiibinya hutoa maji meupe kama maziwa. Wakati huo majani huipelekea sukari, na vimeng'enya vilivyomo ndani huigeuza kuwa wanga. Kimoja huivunja sukari, kingine kiitwacho AGPase huandaa matofali ya kujengea, na vingine huyaunganisha kuwa minyororo. Minyororo iliyonyooka ni amilosi, yenye matawi mengi ni amilopektini. Amilosi ikiwa ya kutosha, kama kwenye basmati, wali huchambuka. Ikikosekana, wali hunata kama ule wa Laos.

Adui wa kazi hiyo ni joto. Likizidi, punje hujaa harakaharaka, vimeng'enya vya kujenga hupungukiwa nguvu, na amilesi, ambayo huvunja wanga, huongezeka. Punje hubaki na mianya ya hewa, huwa nyeupe kama chaki, na kwenye mashine ya kukoboa hukatika kuwa chenga. Wakulima wa Japan walipata hasara hiyo katika majira ya joto ya 2010 na 2023, mchele wao uliposhuka daraja.

Joto la usiku nalo si la kupuuzwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2004, kutoka mashamba ya taasisi ya mpunga ya IRRI huko Ufilipino, ulionyesha kuwa joto la usiku likipanda nyuzi 1, mavuno ya msimu wa kiangazi hupungua kwa asilimia 10.

Tunayasema haya kwa sababu wapo kati yetu wanaotuma riyali nyumbani kulimia mpunga, iwe Mbarali, Kyela au Mwea. Kwenye simu swali huwa moja: magunia mangapi? Tuongeze la pili: mpunga utachanua mwezi gani? Tarehe ya kupanda ikipangwa ili punje zijae katika wiki zisizo na joto kali, na maji yasikatike, mchele mzima huwa mwingi zaidi. Chenga huuzwa bei ya chini, na jasho la Doha halistahili kuishia kwenye chenga.