Kijitabu Hakikuwa Kifungashio

Aprili 2010 Ubisoft, kampuni ya gemu ya Ufaransa, ilitangaza kwamba itaacha kuchapa vijitabu vya maelezo vya gemu zake za PlayStation 3 na Xbox 360. Maelezo yangehamia ndani ya gemu zenyewe. Sababu iliyotajwa ni kutunza mazingira. Na tuikubali, ingawa uchapaji nao una gharama na kampuni inajua kupiga hesabu. Ninachokataa ni dhana kwamba kijitabu kilikuwa kifungashio tu, cha kutupwa pamoja na nailoni ya boksi. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina takribani kilobaiti 40, wakati picha moja ya simu ya leo huizidi mara nyingi. Hadithi ingekaa wapi? Ilikaa kwenye karatasi. Humo ndimo mchezaji alimosoma kwamba raia wa Ufalme wa Uyoga wamerogwa wakageuzwa mawe, matofali na mimea, na ghafla yale matofali anayoyabomoa Mario yakawa na habari nyingine, ya kutisha kidogo ukiifikiria. StarTropics ya 1990 ilikwenda mbali zaidi. Ndani ya boksi mlikuwa na barua ya karatasi, na mbele ya safari mchezaji aliambiwa ailoweshe. Ikilowa, ilijitokeza namba 747, na bila namba hiyo safari haiendelei. Aliyenunua kaseti ya mtumba isiyo na boksi alikwama hapo.

Wapo watakaosema vijitabu havikusomwa, na kwamba gemu nzuri hujieleza yenyewe: mwanzoni mwa Mario adui anakujia kutoka kulia, usiporuka unakufa, somo limeisha. Ni kweli, lakini ufundi huo ni adimu. Karatasi ilipoondoka, gemu nyingi zilihamishia kazi yake kwenye saa ya kwanza ya mchezo, ambapo kila hatua mbili unasimamishwa uambiwe bonyeza hiki, sasa bonyeza kile. Asiyependa kusoma kijitabu alikiacha tu ndani ya boksi; somo la kwenye kioo mara nyingi halirukwi. Kuhusu maelezo ya mtandaoni, yana faida ya kusahihishika, ila yanadumu kadiri mwenye seva anavyopenda.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni Tunic ya 2022. Kurasa za kijitabu chake zimetawanywa ndani ya mchezo wenyewe, sehemu kubwa kwa maandishi ya kubuni yasiyosomeka, zikiwa na alama za kalamu pembeni kana kwamba kuna mtu aliyezipitia kabla yako. Mchezaji huziokota moja moja. Ukurasa mmoja humfumbulia kwamba akikishikilia kitufe ambacho amekuwa akikibonyeza muda wote, anapata uwezo mwingine kabisa, nao ulikuwepo tangu dakika ya kwanza.