Nyuma ya Paji la Uso: Ubongo na Tabia katika Njia Panda ya Kyumbi

Kyumbi ni mahali ambapo barabara ya kuingia mjini Machakos huachana na barabara kuu iendayo Mombasa, na kwa sababu hiyo wasafiri wengi wa Kenya wamepita hapo mara nyingi hata kama hawalifahamu jina lake. Malori yanayotoka bandarini, mabasi ya masafa marefu, matatu, bodaboda na watu wanaotembea kwa miguu hukutana katika njia panda hiyo mchana na usiku, na kila anayetaka kuvuka lami hulazimika kutekeleza, kwa muda wa sekunde mbili au tatu, mambo matatu ambayo wanasayansi wameyachunguza kwa zaidi ya miaka 150: kukitambua kinachokuja, kukiogopa kwa kiasi kinachofaa, na kuamua kama atavuka au atasubiri. Mambo hayo matatu, yaani utambuzi, hisia na tabia, hutegemea sehemu tofauti za ubongo, na mojawapo ya sehemu hizo, iliyo nyuma ya paji la uso, ina historia ya pekee nchini Kenya.

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa takribani kilo 1.4, yaani karibu asilimia 2 ya uzani wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Ndani yake zimo seli za neva zipatazo bilioni 86, ambazo hupashana habari kwa umeme na kemikali. Tabaka lake la nje, lenye mikunjo mingi na unene wa milimita chache tu, huitwa gamba la ubongo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alionyesha kwamba mgonjwa wake aliyepoteza usemi, akabaki na silabi moja tu ya kutamka, alikuwa na jeraha katika upande wa kushoto wa sehemu ya mbele ya gamba hilo, na tangu hapo kumekuwa na kishawishi cha kuuchukulia ubongo kama nyumba ya vyumba vingi, hiki cha hasira, kile cha kumbukumbu. Kishawishi hicho kina ukweli, ila nusu yake tu.

Linalowashangaza wengi ni kwamba mtu huona kwa kisogo. Macho hukusanya mwanga, lakini picha hujengwa katika gamba lililo nyuma kabisa ya kichwa, hivi kwamba aliyeumia hapo anaweza kupofuka ilhali macho yake ni mazima. Kutoka kisogoni habari hufuata njia mbili: moja huelekea upande wa masikio, ikishughulika na swali la kitu hiki ni nini, na nyingine hupanda kuelekea utosini, ikishughulika na swali la kiko wapi na kinakwenda wapi. Kwamba mwendo una mahali pake maalumu kulidhihirika mwaka 1983, pale Josef Zihl na wenzake mjini Munich walipochapisha habari za mwanamke ambaye, baada ya damu kuganda ndani ya kichwa chake, aliendelea kuona rangi na maumbo lakini hakuweza tena kuona kitu kikisogea. Chai aliyoimimina ilionekana imeganda hewani, naye hakujua kikombe kinajaa hadi kilipofurika. Gari lililokuwa mbali lilionekana ghafla liko mbele yake bila kupita katikati. Mtu wa namna hiyo asingeweza kuvuka barabara ya Kyumbi hata mara moja bila kushikwa mkono. Hata hivyo ubongo mzima nao hudanganyika, kwa kuwa chombo kikubwa kama lori huonekana kikienda polepole kuliko kasi yake halisi, ilhali pikipiki, kwa wembamba wake, hukisiwa kuwa itafika baadaye kuliko inavyofika.

Hofu ina safari yake. Ndani kabisa ya kichwa, nyuma kidogo ya kila panja, mna kifundo kidogo chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala, ambacho hupima kama kilichoonekana au kusikika kina hatari. Uchunguzi wa Joseph LeDoux, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kwamba sauti ya kutisha huweza kuifikia amigdala kwa njia ya mkato, kabla gamba la ubongo halijamaliza kuichambua, na ndiyo maana honi ya lori humrusha mtu nyuma kabla hajajua ni honi ya nani. Amigdala hupeleka habari kwenye haipothalamasi, kiungo kidogo kinachosimamia njaa, joto na homoni, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio. Lakini hata hapa hesabu ya vyumba haikamiliki: mwanamke mmoja wa Marekani, ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa adimu, hakuogopa nyoka wala filamu za kutisha, ila alipovutishwa hewa yenye kabonidioksidi nyingi katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013 alishikwa na fadhaa kubwa. Woga huo ulitoka ndani ya mwili, ukapita njia nyingine.

Inafaa kusema hapa kwamba Kiswahili hakikukosea sana kilipoweka hisia moyoni. Sehemu ya gamba la ubongo iitwayo insula, neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, hupokea habari kutoka moyoni, tumboni na mapafuni, na huchangia mtu kujua kwamba ana wasiwasi au ana huzuni. Anayesema moyo wake umeingia baridi anasoma, bila kujua, taarifa ambayo mwili umeipeleka juu.

Sehemu ya tatu, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo yenye uzito zaidi katika mada hii. Sehemu hiyo ya mbele haimfanyi mtu aone wala asikie, na kwa muda mrefu madaktari hawakujua kazi yake, kwa sababu aliyeumia hapo huweza kuzungumza, kutembea na kupiga hesabu. Kazi yake ni kuzuia, kupanga, kungoja, kupima matokeo na kusoma nyuso za wenzake. Kwa ufupi, ni yale ambayo wazee huyaita busara. Huchelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine, hadi miaka ya kati ya ishirini, jambo ambalo mtu yeyote aliyepanda pikipiki ya kijana wa miaka 19 akiwahi abiria wa pili atakuwa ameshalikisia.

Kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli katika jimbo la Vermont, Marekani, ambaye tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka na kurusha mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja uliopenya chini ya shavu lake na kutokea utosini. Alipona. Daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba mtu aliyekuwa makini na mwenye kuaminiwa na waajiri wake alikuwa amegeuka kuwa mwenye matusi, kigeugeu, asiyemaliza mpango wowote aliouanza. Wanaokisimulia kisa hicho husahau sehemu yake ya pili, kwamba Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi kwa miaka kadhaa kabla ya kufariki mwaka 1860, kazi isiyowezekana kwa mtu asiye na utaratibu kabisa. Inaelekea kazi yenye ratiba ile ile kila siku ilimsaidia kupata tena sehemu ya alichopoteza.

Nchini Kenya elimu ya sehemu hiyo ya ubongo ilianza vibaya. Mwaka 1934 F. W. Vint, mtaalamu wa maradhi mjini Nairobi, alichapisha madai kwamba gamba la ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni jembamba kuliko la Mzungu, na mwenzake H. L. Gordon, aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akayatumia madai kama hayo kudai kwamba Waafrika wana upungufu wa akili wa kuzaliwa. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, alikwenda mbali zaidi: katika makala ya mwaka 1951 alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele na ubongo uliobaki. Upasuaji huo, ulioanzishwa na Mreno Egas Moniz mwaka 1935 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1949, uliwaacha wagonjwa wengi wakiwa watulivu lakini bila ari. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Carothers mwaka 1953, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza chanzo cha Mau Mau, hivi kwamba madai ya ardhi yaligeuzwa kuwa dalili ya ugonjwa. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, aliyashambulia mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Makosa ya kisayansi yalikuwa wazi. Bongo zilizopimwa ni za watu waliofariki, wala hali yao ya lishe na magonjwa haikulinganishwa ipasavyo na ya hao waliofananishwa nao. Uzani wenyewe hausemi mengi, kwani ubongo wa Albert Einstein ulikuwa na gramu 1,230, chini ya wastani wa wanaume wa Ulaya. Carothers naye aliwaona watu wengi wakiwa wamefungiwa ndani ya hospitali yake, kisha akatoa hukumu juu ya bara zima.

Kuna kosa jingine ambalo halikuhitaji darubini. Mwaka ule ule wa 1938 ambao Carothers alikabidhiwa Mathari, Wakamba wa Machakos, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka makwao wakaenda Nairobi kupinga amri ya serikali ya kupunguza ng'ombe wao kwa nguvu. Walipiga kambi mjini kwa wiki kadhaa, wakingoja kumwona gavana, bila vurugu. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa mifugo kwa lazima uliachwa. Kupanga, kungoja, kuzuia hasira, kupima matokeo: hakuna mtihani wa hospitalini unaoweza kuonyesha kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo kwa uwazi kuliko kambi ile.

Leo hali imegeuka upande wa pili, na si kwa uzuri. Sehemu ile iliyosemwa kuwa haifanyi kazi kwa watu waliokuwa wazima sasa huumia kweli barabarani, na mara nyingi hakuna anayeitaja. Ubongo ni laini kama parachichi lililoiva, nao huelea ndani ya maji. Pikipiki inaposimama ghafla, ubongo huendelea mbele na kusugua mifupa yenye kingo kali iliyo juu ya macho, na kwa hiyo upande wa chini wa sehemu ya mbele na ncha za sehemu za panja ndizo zinazochubuka zaidi, hata pale pigo lenyewe lilipoangukia kisogoni. Helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Sheria ya Kenya humtaka dereva na abiria wavae, lakini helmeti ya abiria, pale inapokuwapo, huonekana zaidi ikining'inia kwenye usukani.

Aliyeumia namna hiyo hurudi nyumbani akitembea, akiwatambua wanawe na akikumbuka majina ya wadeni wake, na mkono uliovunjika ukishapona watu humwona kuwa amepona. Kisha huanza kupandwa na hasira kwa jambo dogo, hutumia fedha za chama siku hiyo hiyo alizopewa, husema mbele ya mama mkwe maneno ambayo hapo awali asingeyasema hata akiwa peke yake, au huketi kutwa bila hamu ya kitu chochote. Majirani husema ni pombe, au amelogwa, au aliyeponea kifo amepata kiburi. Picha ya mashine ya CT iliyopigwa siku ya ajali huenda haikuonyesha kitu, kwa sababu nyuzi ndogo zinazounganisha sehemu za ubongo huweza kunyofoka bila damu kuvuja. Na kwa kuwa busara hutegemea mawasiliano ya sehemu ya mbele na amigdala, insula na nyinginezo, kukatika kwa nyuzi hizo hudhuru sawa na kuumia kwa sehemu yenyewe.

Ipo dalili moja ndogo inayosaidia. Neva za kunusa hupita katika mfupa wenye vitundu vingi juu ya pua, chini kabisa ya sehemu ya mbele ya ubongo, na mtikisiko ule ule unaoichubua sehemu hiyo huweza kuzikata. Ndiyo maana daktari makini huuliza kama mgonjwa husikia harufu ya muthokoi ikiungua jikoni, kama hulala, kama hucheka mahali pasipofaa kucheka. Maswali hayo humwuliza pia mke, mama au mwenzake wa stejini, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hujibu kwamba hana tatizo lolote, na wala hasemi uongo: sehemu iliyoumia ndiyo ambayo ingemjulisha.